Susa ya ngamia: Kwa nini ya leo ni tamu na ya kesho imeharibika?

Mnunuzi wa maziwa ya ngamia mjini Garissa anajua kwamba susa ya Jumatatu si lazima ifanane na ya Jumanne, hata kama imetoka kwa mama yuleyule na katika kibuyu kilekile. Siku moja huwa laini, yenye ukali wa kiasi na harufu ya moshi inayosikika kwa mbali. Siku ya pili huwa imejaa mapovu, kizibo kinataka kuruka chenyewe, na harufu yake inamfanya mnunuzi aende kwa mchuuzi mwingine. Hasara hiyo humwangukia mwenye kibuyu.

Susa, au suusac kama inavyoandikwa kwa Kisomali, ni maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachachuke. Hutengenezwa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mwaka 2013, na pia nchini Somalia. Kwa desturi maziwa hayachemshwi. Humiminwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, kikafunikwa na kuwekwa kivulini kwa siku moja au mbili. Hakuna kinachotiwa ndani. Kazi yote huachiwa vijidudu vilivyomo katika maziwa na vile vilivyobaki kwenye kuta za kibuyu, na hapo ndipo ladha inapoanza kuwa bahati nasibu.

Mwaka 2005 Lore, Mbugua na Wangoh walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa vijidudu vya susa ya Kenya. Walikuta bakteria wa asidi ya maziwa, miongoni mwao Leuconostoc mesenteroides na Lactobacillus plantarum, ambao ndio wanaoyatia maziwa ukali na kuyazuia yasioze. Walikuta pia hamira, kama vile Candida krusei. Kwa mtengenezaji wa bia, hamira ndiye mfanyakazi mkuu. Katika susa ni mgeni asiyealikwa: baadhi ya aina zake hutoa gesi, harufu ya mkate uliovimba na hata alkoholi kidogo, jambo ambalo halipendezi hata kidogo katika jamii ya Waislamu wanaojiepusha na kileo. Uchunguzi mwingine, uliofanywa baadaye kwa susa ya Kenya na Somalia, uligundua bakteria aitwaye Streptococcus infantarius, wa ukoo ambao baadhi ya jamaa zake husababisha maradhi.

Basi anayetaka susa isiyobadilika aanze na chombo. Moshi wa kibuyu si pambo. Mama huchukua kijinga cha mti unaofaa, kama mgunga, mjunju au mzeituni wa mwituni, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukizungusha hadi kuta zipate rangi nyeusi. Joto lake hukausha unyevu, na kemikali za moshi huua au kudhoofisha vijidudu vilivyojificha katika nyufa. Watengenezaji wa bia wa Ulaya hutumia maua machungu ya mhopi kwa sababu zinazokaribiana na hizo: kutia uchungu na kuzuia uharibifu. Kama ilivyo kwa maua hayo, kipimo ndicho chenye shida. Moshi mdogo hauisaidii susa, na moshi mwingi huifanya iwe chungu. Majivu na vipande vya mkaa sharti vifutwe kabisa kabla ya maziwa kumiminwa, kwani chembe za masizi hazina faida yoyote tumboni.

Biashara, hata hivyo, imekihama kibuyu. Maziwa yanayopakiwa kwenye mabasi kuelekea mtaa wa Eastleigh, Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 370, husafiri katika mitungi ya plastiki, mingi yake ikiwa ni ile iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Mtungi huo ni mwepesi na bei yake ni ndogo, lakini mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na huwezi kuufukiza kwa kijinga cha moto bila kuuyeyusha. Maziwa ya jana hubaki kwenye pembe zake na kuambukiza ya leo. Mkebe wa alumini wenye mdomo mpana hugharimu zaidi, ila unasuguliwa, unasuuzwa kwa maji yanayochemka na kuanikwa juani ukiwa umepinduliwa.

Jambo la pili ndilo linalozusha ubishi: kuchemsha. Wafugaji wengi huamini kwamba maziwa ya ngamia yakipata moto hupoteza nguvu zake. Imani hiyo si ya kubezwa moja kwa moja, kwa kuwa maziwa haya yana vitamini C nyingi, takriban mara tatu ya ile ya maziwa ya ng'ombe, na sehemu yake hupotea motoni. Lakini ugonjwa wa bruselosi, unaoleta homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, huenezwa na maziwa mabichi, na ukali wa susa pekee si kinga ya kutegemewa. Nikipima faida na hasara, sioni sababu ya kuuacha moto.

Wapo waliojaribu kuchemsha wakaona susa yao inaoza badala ya kuchachuka, wakahitimisha kwamba moto ndio uliokosea. Ukweli ni kwamba moto umeua wote, wabaya na wazuri. Maziwa yaliyochemshwa yanabaki kama shamba lililolimwa bila kupandwa, na kinachoota humo ni chochote kinachopeperushwa na upepo. Sharti yapandwe chachu.

Njia hiyo ilijaribiwa nchini Kenya na Farah na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1990. Walipasha maziwa ya ngamia moto, wakayapoza na kuyatia bakteria wa aina inayotumika kutengeneza maziwa lala. Susa iliyopatikana ilikuwa na ladha isiyoyumba kama ile ya kienyeji. Nyumbani hahitajiki mtaalamu. Chemsha maziwa, yapoze yakiwa yamefunikwa hadi kidole kisihisi joto wala baridi, kisha kwa kila lita tia vijiko viwili vikubwa vya susa ya jana iliyokuwa nzuri, au vya maziwa lala ya dukani yasiyo na sukari. Koroga, mimina katika kibuyu kilichofukizwa, funika. Chachu hiyo ikishaanza kutoa mapovu au harufu ngeni baada ya mizunguko kadhaa, iache na uanze na nyingine.

Linabaki joto, na hapa Garissa ina tatizo lake. Bakteria wa maziwa lala hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 20 na 30, ilhali mchana wa Garissa hupita 35 bila taabu. Katika joto hilo ukali huja kwa pupa, maji hujitenga na hamira hupata nafasi. Afadhali kuanza jioni, kibuyu kikizungushiwa gunia lililoloweshwa na kuwekwa penye upepo, ili maji yakikauka yaondoke na joto. Hewa kavu ya huku, inayolaaniwa kwa mengi, husaidia sana katika hili. Kwa wachuuzi wenye maziwa mengi kuna kabati la kuta za mkaa unaomwagiwa maji, ambalo watafiti walilijaribu Isiolo na ambalo halihitaji umeme.

Asikate tamaa anayeona susa yake haigandi kama mtindi wa ng'ombe. Maziwa ya ngamia yana kiasi kidogo cha kapa-kasini, protini inayosaidia maziwa kushikamana, kwa hiyo susa nzuri huwa nyepesi, ya kunywewa wala si ya kuliwa kwa kijiko. Ikijitenga kidogo, itikise. Ikiwa chungu, ulizia kwanza malisho ya ngamia na kiasi cha moshi kabla ya kuilaumu chachu. Lakini ikivuta kama ute au ikisukuma kizibo, imwage, kisha osha chombo kwa maji yanayochemka kabla ya kukifukiza tena.