Makundi Mawili Ndani ya Wimbo Mmoja

"Gentleman" ni wimbo wa kundi la P-Unit la Nairobi wakiwashirikisha Sauti Sol, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kolabo za msanii mmoja na mwenzake zimejaa tele Afrika Mashariki, lakini makundi mawili kamili ya vijana wa kiume kuingia studio kwa wimbo mmoja ni jambo la nadra.

P-Unit walikuwa watatu: Frasha, Gabu na Bon'Eye, wachanaji wa genge, ile rap ya Kiswahili na Sheng iliyokuzwa na Calif Records ya mtayarishaji Clemo. Sauti Sol, kundi lililoanza mwaka 2005, walikuwa wanne: waimbaji Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, pamoja na mpiga gitaa Polycarp Otieno. Hapo kuna wanaume saba wanaogawana dakika chache.

Kilichouokoa wimbo huo ni mgawanyo wa kazi. Sauti Sol wamebeba kiitikio kwa sauti zilizopangwa, ya juu, ya kati na ya chini, huku P-Unit wakipokezana beti kwa kuchana. Abiria anayeusikia kwenye daladala ya Bunju jijini Dar es Salaam, kabla hata ya kushuka Boko, anatambua kundi moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi, hata kama hajui jina la yeyote kati yao.

Marekani walichukua njia nyingine. Mwaka 2011 New Kids on the Block na Backstreet Boys waliungana kwa jina la NKOTBSB na kutoa "Don't Turn Out the Lights". Walikuwa watu tisa, karibu wote wakiimba kwa namna inayofanana, na asiye shabiki wao hupata taabu kujua nani anaimba nini. Haikuwadhuru sana, kwa kuwa wimbo ulikuwa wa kusindikiza ziara yao ya pamoja ya 2011 na 2012, na jukwaani sura huonekana.

Dar es Salaam makundi yalijengwa juu ya mtaa na kambi. TMK Wanaume walibeba jina la Temeke, East Coast Team walikuwa wa Upanga, na ushindani wao ulikuwa sehemu ya biashara. TMK wenyewe walipasuka mwaka 2006: Juma Nature akaenda na Wanaume Halisi, Chege na Temba wakabaki na Wanaume Family chini ya meneja Said Fella. Kambi hiyo ya Fella ndiyo baadaye iliyowalea Yamoto Band: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso, ambaye leo ni Mbosso. Katika "Su" walimshirikisha Ruby, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Sauti nne za vijana hazikuhitaji nne nyingine za aina ileile. Zilihitaji sauti ya kike.

Kimaandishi, kolabo ya namna hii huanza na swali la mwenye wimbo. Kundi linalotajwa kwanza kwa kawaida ndilo mwenyeji, na anayeshirikishwa anaweza kulipwa mara moja au kupewa asilimia. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 hutenganisha haki ya mtunzi na haki ya mwimbaji, kwa hiyo kijana aliyeimba kiitikio bila kuandika neno hata moja ana haki ya uimbaji wake, ila si mtunzi. Mafungu ya fedha huwekwa kwenye mkataba, na ni heri uandikwe kabla ya kuingia studio, maana kundi likivunjika saini hutafutwa kwa mtu mmojammoja. Yamoto walishatawanyika ilipofika 2018, Mbosso alipojiunga na lebo ya WCB. Hakimiliki ya kazi iliyotungwa kwa pamoja haifuati uhai wa kundi: hudumu hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi wa mwisho kati yao.