Kanyaruchinya: Pesa zisizoshikika zinabeba biashara, lakini noti bado zinatawala

Kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, viazi, maharagi na makala vinapita Kanyaruchinya juu ya pikipiki na chukudu. Mzigo unaonekana, malipo mara nyingi hayaonekani: yanapita ndani ya simu.

Banki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, wakati AFC/M23 ilipouteka mji. Wiki chache baadaye, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kanyaruchinya ikabaki tupu. Mwezi wa Aprili, AFC/M23 ilifungua tena CADECO, lakini kwa raia wengi banki ilikuwa ni M-Pesa, Airtel Money au Orange Money.

Hiyo ni mali isiyoshikika: akaunti ya simu, namba ya siri, kumbukumbu za malipo, na uaminifu kati ya muuzaji na mteja. Mwenye kukimbia vita hawezi kubeba shamba wala duka. Akaunti yake anaikimbia nayo, na ndugu aliye Kinshasa anaweza kumtumia chochote siku hiyo hiyo.

Kenya, ambako M-Pesa ilianza 2007, imeonyesha faida yake. Watafiti Tavneet Suri na William Jack waliandika mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilitoa kaya 194,000 katika umaskini, sawa na 2% ya kaya za nchi hiyo. Wanawake 185,000 waliingia katika biashara kama kazi yao kuu.

Lakini Kenya ilikuwa na kitu ambacho Goma ilikikosa. Wakala wa pesa za simu anahitaji mifuko miwili: pesa ndani ya simu na noti mkononi. Noti zikimwishia, anaenda banki kuzitafuta. Banki ikifungwa, noti zinakuwa haba, na mwenye nazo ndiye anapanga bei. Mama aliyetumiwa pesa za chakula anakatwa wakati wa kuzitoa, na pengine anapewa noti zilizochakaa ambazo sokoni zinakataliwa.

Ndiyo maana njia rahisi ya kulinda pesa hizo ni kutozitoa. Muuzaji wa maharagi akilipwa kwa simu, naye akamlipa mkulima na mwenye pikipiki kwa simu, hakuna anayelazimika kutafuta noti. Kumbukumbu hizo za malipo zinaweza pia kumsaidia siku atakapoomba mkopo.

Hata hivyo, mnyororo huo unakatika pale ambapo simu haina moto, mtandao umepotea, au mmoja wao anadai noti. Kwa waliorudi kuanza upya vijijini mwa Nyiragongo, namba ndani ya simu ni mtaji wa kweli. Itawajenga zaidi siku umeme, mtandao na banki vitakaposimama nyuma yake.