Jinsi Sumu ya Kuvu Inavyoingia na Kutoka Kwenye Ini

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye kuvu, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui, zilizokuwa wilaya wakati huo. Mahindi mengi yalikuwa ya shambani mwao wenyewe, yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka.

Sumu iliyowaua inaitwa aflatoksini. Molekuli yake moja ina upana wa takriban nanomita moja, ilhali unywele mmoja hufikia nanomita 80,000 hivi. Seli inapomeza kitu kikubwa kuliko hicho, kama vile kirusi, utando wake hujikunja na kukifunga ndani ya kifuko. Aflatoksini haihitaji kumezwa. Huyeyuka kwenye mafuta, na utando wa seli umejengwa kwa mafuta, kwa hivyo hupenya tu. Kutoka matumbo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini.

Seli za ini hujaribu kuibadilisha ili itolewe mwilini. Katika kufanya hivyo, sehemu ya sumu hugeuka kuwa kali zaidi na kunasa kwenye protini na DNA. Kinga iliyopo ni kemikali iitwayo glutathioni, ambayo huishika sumu hiyo, kisha pampu zilizo kwenye utando huisukuma nje kuelekea kwenye nyongo. Nyingine hutoka kwa mkojo, na nyingine kwa maziwa, ya mama anayenyonyesha na ya ng'ombe vilevile. Kumlisha ng'ombe mahindi yaliyoharibika, basi, ni kuirudisha sumu mezani kwa njia nyingine.

Glutathioni nayo huisha. Anayekula ugali wa mahindi hayo kila siku kwa wiki kadhaa huitumia haraka kuliko ini linavyoitengeneza, na seli huanza kufa. Kiasi kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Kukoboa muthokoi huipunguza tu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Kuuma punje kwa meno, njia ambayo wengi bado wanaiamini, hakuwezi kutofautisha asilimia 13 na 15. Kipimo cha unyevu ndicho cha kutegemewa.

Mwenye macho ya manjano, kutapika au tumbo lililovimba afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na waliobaki nyumbani waache kula mahindi hayo.