Umri wa monasteri huhesabiwa tangu lini?

Ukimtaja sista huko Kashikishi, mji wa wavuvi wilayani Nchelenge, Mkoa wa Luapula, Zambia, watu humfikiria wa Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, anayepita wodini. Huyo ni mtawa wa kazi za kitume. Mtawa wa ndani ni mwingine: huishi ndani ya ugo, yaani sehemu ya monasteri asiyotoka bila sababu inayokubaliwa na sheria, na kazi yake ya kwanza ni sala na taamuli.

Wa kitume ndio waliotangulia. Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alianzisha Mapadre Weupe mwaka 1868 na Masista Weupe mwaka 1869, wote watu wa safari. Ilipofika 1926, Papa Pius XI aliwahimiza maaskofu wa nchi za misheni kuwakaribisha pia watawa wa taamuli. Mwaka uliofuata akamtangaza Teresia wa Lisieux, Mkarmeli aliyefia ndani ya ugo, kuwa msimamizi wa misheni.

Monasteri huzaliwa na monasteri. Masharti ya sasa yamo katika Cor Orans, maagizo ya Vatikani ya mwaka 2018. Ili kuanzisha jumuiya mpya wanatakiwa watawa watano au zaidi, watatu kati yao wakiwa na nadhiri za daima. Ili ijitegemee, wenye nadhiri hizo wasipungue wanane.

Hao wanane hawapatikani haraka. Malezi yana hatua nne: uaspiranti ni mwaka mmoja, upostulanti mmoja, unovisi miwili, nadhiri za muda mitano. Jumla ni miaka tisa kwa uchache. Tuseme binti wa Nchelenge anaingia akiwa na miaka 20: nadhiri za daima ataziweka akiwa na 29, tena kama hakuna kilichomchelewesha. Miaka yote hiyo, mambo makubwa ya nyumba huamuliwa na waliotoka mbali.

Kuna pia suala la kula. Monasteri nyingi huoka hostia: unga wa ngano na maji tu, ukandamizwe kwenye chuma cha moto, kisha ukatwe viduara. Lakini mashamba ya Luapula ni ya muhogo, kwa hiyo ngano hununuliwa. Sadaka za waumini nazo hufuata samaki, na uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Jumuiya ya ufukweni mwa Ziwa Mweru ingebidi ipange mwaka wake kwa kalenda ya wavuvi, si ya liturujia peke yake.

Kwa sababu hizo, tarehe ya jiwe la msingi hainiambii mengi. Mimi ningehesabu tangu siku mabinti wa eneo hilo walipopiga kura ya kwanza kumchagua abesi wao, yaani mkuu wa monasteri. Haki hiyo nayo hupotea: wenye nadhiri za daima wakipungua hadi watano, jumuiya haiwezi tena kujichagulia mkuu.