Chango la binti: tangawizi ndiyo, chupa ya jirani ngoja

Binti wa Buyenzi akijikunja kitandani siku ya kwanza ya hedhi, nyumba nzima inajua: chango limemshika. Mama anabandika maji, anaponda tangawizi aliyonunua sokoni Ruvumera. Jirani naye anakuja na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Jina haina, ina uchungu tu.

Wazee wengine husema ni damu chafu. Sivyo. Damu inapokaribia kutoka, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huubana msuli wake. Ukibana sana damu haiufikii vizuri, ndipo unapouma. Kemikali hizohizo huchokoza matumbo, kwa hiyo wapo wanaoharisha na kutapika. Mara nyingi chango huanza miezi kadhaa baada ya binti kuvunja ungo, mayai yanapoanza kupevuka.

Tangawizi hupunguza prostaglandini, kazi ileile ya ibuprofeni. Mwaka 2009 watafiti wa Iran waliwajaribu wanafunzi 150: kundi moja lilimeza unga wa tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku kwa siku tatu, mengine yakapewa ibuprofeni au asidi ya mefenamiki. Nafuu ikalingana. Ila zile zilikuwa kapsuli, si chai ya mama, na mapitio ya Cochrane ya 2016 yaliuona ushahidi wa tiba za namna hii kuwa bado dhaifu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa nayo isidharauliwe: joto tumboni limewahi kupimwa Marekani likatoka sare na ibuprofeni.

Chupa ya jirani ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwaka 1960, hapo Kongo, daktari Mnorwe Lorents Gran aliona wajawazito wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu wa kuzaa uende haraka. Baadaye ilibainika una protini inayoubana mji wa mimba kwa nguvu, na kuchemshwa hakuiharibu. Mmea wa namna hiyo ukiwamo kwenye chupa ya jirani, ukamfikia binti mwenye chango, ni kumwongezea kilekile kinachomuumiza.

Maumivu yakiendelea damu ikiisha kukatika, yakizidi kila mwezi, au pedi ikijaa kila saa, aende kituo cha afya. Chupa aibebe pia, muuguzi aione.