Nilishika Taa Tu

Wiki hii nimepata barua kutoka upande wa Iramba. Mama mmoja mtu mzima anaeleza kwamba mjukuu wake mchanga alipatwa na lawalawa. Usiku akaitwa ngariba, mtoto akakeketwa. Mama huyu anaandika: "Mimi sikushika wembe. Nilishika taa tu. Je, nina kosa?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 31 katika kila 100 mkoani Singida walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Hakuna ngariba anayefanya kazi hiyo peke yake. Yupo aliyemwita, yupo aliyemlipa na yupo aliyemshika mtoto miguu.

Wengi wetu hudhani mkosaji ni yule mwenye wembe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haisemi hivyo. Kifungu cha 22 kinawaweka kapu moja mtendaji mwenyewe, anayefanya au kuacha kufanya jambo kwa nia ya kumwezesha mtendaji, anayemsaidia, na anayemshawishi au kumtafuta. Wote huhesabiwa kuwa wametenda kosa lenyewe, si nusu ya kosa.

Wazo hili ni la siku nyingi. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, ilitaja njia tatu za kushiriki: kuchochea, kula njama, na kusaidia kwa makusudi.

Kuhusu ukeketaji wenyewe, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliongeza kifungu cha 169A. Kinamgusa mwenye dhamana ya kumlea msichana wa chini ya miaka 18 ambaye anamkeketa, au anayesababisha akeketwe. Adhabu iliyowekwa ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyeumizwa.

Hata hivyo, sheria haikamati kila aliyekuwepo. Jirani aliyeamshwa na kilio cha mtoto, akafungua mlango na kukuta mambo yamekwisha, hajasaidia kitu. Kinachotafutwa ni kujua na kukusudia. Lakini jirani huyo huyo, akijua lililotendeka, akamficha ngariba uvunguni ili asikamatwe, hapo ameingia katika kosa jingine, la kumsaidia mhalifu baada ya tendo. Hilo liko kifungu cha 387. Wala usiseme hukujua sheria. Kifungu cha 8 kimekwisha kuufunga mlango huo.

Sasa namjibu mama yangu wa Iramba. Mama, mimi si hakimu, na mahakama ndiyo hupima ushahidi. Lakini kama ulijua taa ile ni ya kazi gani, basi ndiyo iliyomwonyesha ngariba pa kukata. Mbele ya kifungu cha 22, neno "tu" halina uzito.

Nanyi mlioko mjini msicheke. Yupo karani au mfanyabiashara mwenye suti, aliyepigiwa simu kwamba mtoto "anapelekwa kutibiwa kienyeji", akaelewa maana yake, akatuma fedha. Yuko mbali kilomita mia kadhaa, lakini mkono wake umefika.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Hicho kinachoitwa lawalawa mara nyingi ni maambukizo ya sehemu za siri au ya njia ya mkojo. Hutibiwa kwa usafi na dawa. Wembe hauyaponyi, huongeza kidonda juu ya ugonjwa, na watoto wengine hutokwa damu hadi kufa.

Siku nyingine mtoto akiugua usiku, mama, iwashe taa hiyo hiyo, ukamulike njia ya kwenda zahanati.