WACHACHE WASIWE WA MWISHO

Katika mengi yaliyoandikwa juu ya janga la Korona, liko jambo moja ambalo kwa maoni yetu halikupewa uzito wake. Nalo ni hali ya wagonjwa wa maradhi ya kurithi yaliyo nadra. Watu hawa hawakuhesabiwa katika taarifa za kila jioni, lakini milango ya kliniki ilipofungwa, wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kubaki nje.

Yafaa kwanza tueleze maana yake. Ugonjwa wa kurithi hutokana na kasoro katika chembe za urithi, ambazo mtoto huzipokea kwa baba na mama yake. Msomaji wetu aujua vema mmoja wao, yaani selimundu. Hapa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo, kwa hiyo kwetu sisi si nadra hata kidogo. Lakini katika Umoja wa Ulaya ugonjwa huitwa nadra ukiwa hauzidi watu 5 katika kila 10,000, na huko selimundu umo katika orodha hiyo. Magonjwa nadra yanayojulikana yazidi 6,000, na mengi yake ni ya kurithi. Ukiyatazama moja moja, wagonjwa wake ni wachache mno. Ukiyajumlisha, wapata watu kama milioni 300 duniani kote.

Sasa na tutazame matibabu yao. Mgonjwa wa Gaucher au wa Pompe amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya ambacho mwili hukihitaji ili kuvunjavunja vitu fulani. Dawa yake ni kutiwa kimeng'enya hicho mshipani kila baada ya majuma mawili, maisha yake yote. Yuko pia mtoto ambaye misuli yake hunyauka kwa sababu mishipa ya fahamu itokayo katika uti wa mgongo inakufa. Yeye hudungwa dawa iitwayo nusinaseni katika uti wa mgongo, na baada ya sindano nne za kwanza hurudi kila miezi minne. Kazi hizi zataka daktari bingwa, na bingwa wa namna hiyo pengine ni mmoja tu katika jimbo zima.

Mnamo tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona ni janga la dunia. Katika majuma machache hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziligeuza wodi zao, na mabingwa na wauguzi wakahamishiwa kwa wagonjwa wa Korona. Shughuli zote zilizohesabiwa kuwa si za haraka ziliahirishwa. Hatuwalaumu waganga wale, kwa maana walikuwa wakiona watu wakifa mbele yao. Lakini neno lile "si ya haraka" ndilo lililowaumiza wenzetu hawa. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, maana haja yake yajulikana. Mwenye kutegemea dawa kila baada ya majuma mawili haja yake ilijulikana pia.

Mwaka huo huo EURORDIS, yaani umoja wa vyama vya wagonjwa hao huko Ulaya, uliwauliza wagonjwa na jamaa zao. Watu 9 katika kila 10 walijibu kwamba matibabu yao yalikatizwa kwa namna moja au nyingine. Watu kama 3 katika kila 10 waliona kwamba kukatizwa huko kulihatarisha maisha.

Utafiti nao ulipata pigo. Majaribio mengi ya dawa yalisimama, ama yakaacha kupokea wagonjwa wapya. Ugonjwa wa kawaida waweza kuwapatia watafiti maelfu ya watu, lakini jaribio la ugonjwa nadra pengine lina watu makumi machache tu, nao wametoka nchi mbalimbali. Mipaka ikifungwa hawasafiri. Wachache wakikosa vipimo vyao, ushahidi wa miaka mingi hupungua nguvu. Na mtoto anayedhoofika hana mwaka wa kungojea.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba mema yalipatikana. Wako waliopelekewa dawa zao nyumbani na kutiwa huko huko. Wagonjwa wa sistiki faibrosi, ugonjwa ambao hufanya makohozi kuwa mazito mno kifuani, walipima pumzi zao nyumbani kwa chombo kidogo na kumpelekea daktari hesabu yake. Mwezi wa Juni 2020, katikati ya dhiki ile, huduma ya afya ya Uingereza ilifikia mapatano ya kuwapatia wagonjwa hao dawa mpya iitwayo Kaftrio. Basi nia ikiwapo, kazi hufanyika hata wakati wa janga.

Tena liko deni ambalo wengi hawalijui. Mwezi wa Agosti 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya patisirani kwa ugonjwa mmoja nadra wa kurithi, ambao ini hutengeneza protini yenye kasoro inayorundikana katika mishipa ya fahamu na moyo. Dawa hiyo hufungwa ndani ya vifuko vidogo sana vya mafuta ili ifike inapotakiwa bila kuharibika. Mwezi wa Desemba 2020, chanjo za Korona za Pfizer na Moderna zilipoanza kutumika, nazo zilifungwa katika vifuko vya mafuta vya namna hiyo. Basi njia iliyofunguliwa kwa ajili ya wagonjwa wachache ilipitiwa na mamilioni.

Hali ya dharura ilitangazwa kwisha Mei 2023. Hata hivyo, mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki kwa tangazo. Kwa hiyo twasema kila nchi, na yetu ikiwamo, yapaswa kuwa na orodha ya wagonjwa wake hawa kabla ya janga jingine. Dawa zao ziwekewe akiba na njia ya kuwafikia nyumbani. Mabingwa wao wasihamishwe wote kwa pamoja. Mfanyakazi mwenye mtoto wa selimundu hana sababu ya kuomba jambo hili kama sadaka. Ni haki yake, kama ilivyo haki ya mgonjwa mwingine yeyote.